Kabla hujasambaza linki: dalali wa mtandaoni na kodi ya mauzo ya Marekani

Mwishoni mwa Juni 2011, watu wapatao elfu kumi waliokuwa wakiishi California waliarifiwa na Amazon kwamba mkataba wao wa kuitangazia bidhaa umekwisha. Hawakuwa wamedanganya mtu wala kuvunja sharti. Gavana Jerry Brown alikuwa ametia saini sheria mpya ya kodi, na duka likaona afadhali kuwatema madalali wake kuliko kuanza kuwatoza kodi wanunuzi wa jimbo hilo. Kodi yenyewe hawakudaiwa wao hata senti. Walichopoteza ni kazi.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaotaka kuingia kwenye biashara hii huuliza, “Je, nitalipa kodi ya mauzo?” Hulipi. Afilieti ni dalali: anaonyesha mali kwa linki yake, mteja akiibofya na kununua anapata kamisheni yake. Kodi ya mauzo hutoka mfukoni mwa mnunuzi, huchukuliwa na muuzaji, na hupelekwa kwenye serikali ya jimbo. Swali la kujiuliza kabla hujajiunga ni jingine: je, mimi kuwepo hapa nilipo kunamtia muuzaji kwenye kodi ambayo asingedaiwa?

Tangu mwaka 1992, kesi ya kampuni ya Quill ilipoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani, jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji akusanye kodi yake kama hakuwa na duka, ghala wala mfanyakazi humo. Maduka ya mtandaoni yalinawiri chini ya kivuli hicho. Aprili 2008 New York ikapitia dirishani. Ilisema mkazi wake anayelipwa kwa kuweka linki ahesabiwe kuwa wakala wa duka, na mauzo yanayotokana na wakazi wa namna hiyo yakizidi dola 10,000 katika robo nne za mwaka zilizotangulia, duka litadhaniwa lina mguu jimboni. Wenye sheria zao mguu huo huuita neksasi. Amazon na duka jingine la mtandaoni, Overstock, zilishtaki, zikashindwa. Overstock haikusubiri hukumu, iliwaacha maafilieti wake wa New York mwaka huohuo. Majimbo mengine yakafuata nyayo, na katika kadhaa mikataba ilikatwa: Rhode Island na North Carolina mwaka 2009, Illinois na Connecticut 2011, Minnesota 2013. Huko Minnesota kuna Wakenya wengi, na mwenye blogu Minneapolis aliguswa sawa na jirani yake Mmarekani.

Kwa hiyo jambo la kwanza kutazama ni anwani yako, si uraia wako. Mtu aliyeko Mombasa, Mwanza au Kigali hampi muuzaji mguu katika jimbo lolote la Marekani, hata kama wasomaji wake wote wako Texas. Binamu yake aliyehamia Connecticut, mwenye linki zilezile na wasomaji walewale, anaweza kumpa. Ukihama, badilisha anwani kwenye akaunti mapema. Kuna wanaotumia anwani ya shangazi aliyeko jimbo jingine ili wasikatwe. Sishauri. Fomu za kodi zinajazwa kwa kiapo, na anwani ya uongo ni sababu tosha ya malipo kuzuiliwa.

Jambo la pili, ambalo naona wengi hulipita bila kulitazama, ni ukubwa wa duka. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu iliitupa kanuni ya Quill katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya Wayfair, duka la mtandaoni. Sheria ya South Dakota haikujali ghala wala wakala. Ilihesabu mauzo tu. Aliyeuza humo bidhaa za zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au aliyefanya mauzo 200, alipaswa kukusanya kodi. Majimbo mengine yakaiga, kisha mengi, South Dakota yenyewe mwaka 2023, yakafuta hesabu ya mauzo 200 na kubaki na fedha peke yake. Kwa duka kubwa, afilieti hana uzito tena kwenye hesabu hiyo, maana kodi inakusanywa awepo asiwepo. Hofu ya mwaka 2011 imehamia kwa maduka madogo. Duka lenye mauzo ya dola 30,000 kwa mwaka katika jimbo halijafika kiwango cha mauzo, lakini kama jimbo hilo bado lina sheria ya linki ya mtindo wa New York (yako yaliyoifuta, yako yaliyoiacha), afilieti mmoja mwenye bidii anaweza kulivusha mstari. Ukiwa unaishi Marekani na unatangaza sabuni za mtengenezaji mdogo, muulize mapema kama anakubali maafilieti wa jimbo lako. Asipojua jibu, hiyo nayo ni habari.

Soma mkataba, hasa kipengele kinachokataza kutafuta wateja nje ya linki. Watu hukipita wakidhani ni maneno ya mawakili tu. Asili yake ni New York: duka linaweza kujinasua na dhana ile ya kuwa na mguu jimboni likionyesha kwamba mkataba unawakataza maafilieti kuwashawishi wateja jimboni kwa njia nyingine, kama vipeperushi au simu, na kila mwaka kila mmoja wao anathibitisha kwa maandishi kwamba hakufanya hivyo. Ukigawa karatasi zenye msimbo wako wa punguzo kwenye harambee ya kanisa huko Brooklyn, umewavunjia ngome yao. Barua pepe ya kuthibitisha ikija, ijibu. Inafanana na matangazo na ni rahisi kuifuta.

Halafu kuna maneno unayowaambia wasomaji. Usiandike “hapa hakuna kodi” kwa sababu tu wewe ulipojaribu hukutozwa. Blenda ya dola 100 inamfikia mtu wa jiji la New York kwa dola 108.88, kwani kodi ya jimbo, ya jiji na nyongeza ya usafiri wa umma wa eneo hilo zikijumlishwa ni asilimia 8.875, mtu wa Oregon analipa dola 100 kamili, jimbo lake halina kodi ya mauzo. Delaware, Montana na New Hampshire ni hivyohivyo, na Alaska haina ya jimbo zima ingawa miji yake mingine inatoza. Zaidi ya hapo, duka lisipokusanya, mnunuzi katika majimbo yenye kodi hii bado anadaiwa kodi ya matumizi na anatakiwa kuitangaza mwenyewe. Wachache huitangaza, lakini si kazi yako kuwafundisha kuikwepa. Kamisheni yako kwa kawaida inahesabiwa kwenye bei kabla ya kodi na usafirishaji, hivyo usipige hesabu yako kwa zile 108.88.

Mambo hubadilika kabisa siku utakapouza chako mwenyewe, tuseme kitabu cha mapishi au fulana. Hapo wewe ndiye muuzaji. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, sheria za majimbo sasa zinalitaka soko hilo likusanye kodi kwa niaba yako. Ukiweka mzigo kwenye ghala la Marekani, una mguu katika jimbo la ghala hata ukiwa umelala Tanga.

Kodi ya mapato ni shauri jingine, ila huja kwenye dirisha lilelile la usajili. Mkazi wa Marekani atajaza fomu ya kodi iitwayo W-9. Aliye nje ambaye si raia wa Marekani hujaza fomu ya W-8BEN, na asipoijaza anaweza kukatwa asilimia 30 ya malipo yake. Kazi inayofanyika nje ya Marekani haihesabiwi kuwa mapato ya huko, kwa hiyo fomu ikiuliza ulipofanyia kazi, jibu kwa uangalifu. Sehemu ya mikataba ya kodi iache wazi: Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania wala Uganda. Fomu hiyo huisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya kuisaini; ya Machi 2025 inakufa Desemba 31, 2028.

Nyumbani nako wanakuona. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 iliweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji kabla fedha hazijakufikia, ya asilimia 5 kwa wakazi wanaolipwa kwa maudhui ya kidijitali, na imetaja waziwazi anayepata kamisheni kwa linki. Tanzania iliweka asilimia 5 kwa watengeneza maudhui mwaka 2024. Duka la ng’ambo likikulipa bila kukata, mapato hayo hayajasamehewa. Mkenya atayatangaza kwenye ritani yake kufikia Juni 30.

California iliisha vizuri. Septemba 2011 Amazon ilipatana na jimbo, ikapewa mwaka mmoja wa nafasi, na madalali wakarudishwa. Lakini katikati palikuwa na zaidi ya miezi miwili bila kipato, na kwa mwenye duka moja tu hiyo ni kodi ya nyumba mara mbili au tatu. Uwe na wauzaji angalau watatu. Na kila mwisho wa mwezi pakua taarifa yako ya kamisheni uihifadhi kwenye kompyuta yako, kwa sababu akaunti inaweza kufungwa pamoja na rekodi zote zilizomo, na ofisa wa kodi atakapoziomba miaka miwili baadaye hutakuwa na pa kuingilia.