Jiko la watu wawili: namna ya kushusha gharama ya chakula cha wiki

Nimetunza stoo za watu kwa miaka mingi, nikihesabu magunia, madumu na katoni zisizo zangu. Huko nilikuwa naona kila mara watu wakibishana na muuzaji juu ya bei, wakipata nafuu wanarudi wamefurahi, halafu robo ya mzigo inaozea rafuni. Sasa nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama watoto, na hesabu ni ileile. Katika nyumba ya watu wawili, kipimo kinakula fedha kuliko bei.

Vifungashio vingi dukani na mapishi mengi vimekusudiwa watu wanne au zaidi, na mkono uliozoea kupikia familia humimina mchele wa familia hata kama mezani mko wawili tu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani kilikuwa wastani wa kilo 79 kwa kila mtu duniani. Wawili wangefikisha kilo 158 kwa mwaka, kama kilo 3 kwa wiki. Ndani yake yamo maganda na mifupa, sawa. Lakini hata ukitoa hayo, kinachobaki umekilipia.

Kwa hiyo anzia kwenye pipa la taka kabla ya kwenda dukani. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kwa wiki mbili kila kinachotupwa kiandikwe: ni nini, kiasi gani, kwa nini. Msilaumiane, andikeni tu. Mtashangaa jinsi majina yanavyojirudia. Mara nyingi ni mboga za majani, mkate, maziwa na kiporo cha wali. Hivyo vinavyojirudia ndivyo vya kupunguza kwanza. Anayetupa nusu ya mkate kila wiki hana haja ya kutafuta duka lenye mkate wa bei nafuu.

Hatua ya pili ni orodha, nayo huandikwa friji likiwa wazi mbele yako. Panga milo ya jioni minne au mitano, usipange saba. Siku mbili zinazobaki zitajazwa na kiporo, au mtaalikwa mahali, au mmoja atarudi amechoka na kutaka mayai tu. Ukipanga siku zote saba, vyakula vya siku hizo mbili ndivyo vitakavyooza. Halafu chagua vitu vinavyoweza kuingia kwenye milo zaidi ya mmoja. Kabichi moja ni mfano mzuri: leo ya kukaanga, kesho kutwa ya kukatwa mbichi na limau, iliyobaki inaingia kwenye supu mwishoni mwa wiki, na haikulalamikii kwa sababu kabichi hukaa kwenye friji kwa wiki kadhaa. Kiungo cha pishi moja tu, kijiko kimoja halafu chupa nzima inakaa mwaka, mimi nakiruka.

Sasa bei, maana siidharau. Linganisha bei ya kilo au ya lita, usilinganishe bei ya mfuko. Kisha ongeza hatua ambayo wengi huiacha: gawa fedha uliyolipa kwa kiasi mlichokula. Chukua mfuko wa kilo 2 unaouzwa 200, na mwingine wa nusu kilo unaouzwa 60, katika fedha yoyote unayotumia. Mkubwa ni 100 kwa kilo, mdogo ni 120. Mkubwa unaonekana umeshinda. Lakini mkitupa nusu kilo ya ule mkubwa, mmelipa 200 kwa kilo moja na nusu, yaani 133 kwa kilo, na ule mdogo "wa ghali" umekuwa nafuu. Ofa za nunua mbili upate ya tatu bure zipimwe kwa hesabu hiyohiyo. Kama ni sabuni, beba. Kama ni mtindi, jiulize nani ataumaliza.

Kanuni yangu ya manunuzi ni fupi: kikavu kwa wingi, kibichi kwa kipimo. Mchele, maharage, dengu, unga, chumvi, sukari na tambi havina haraka vikifungwa vizuri mbali na unyevu na wadudu. Hapo nunua mfuko mkubwa bila hofu. Mkiona hata huo ni mkubwa mno, nunueni na jirani mgawane siku hiyohiyo kwa mizani. Sisi hugawana vitunguu na jirani yetu namna hiyo, na mizani imetuepusha maneno. Nyanya, matunda laini na majani, hata yakiwa nafuu kiasi gani, nunueni ya siku tatu au nne tu. Unga wa nafaka isiyokobolewa nao usiununue mwingi sana, kwa sababu mafuta yaliyo ndani yake huufanya uchache mapema kuliko unga mweupe.

Nikitakiwa kutaja kitu kimoja kinachoshusha gharama haraka, nitataja maharage makavu. Kilo moja ikiiva inakuwa karibu kilo mbili na nusu, na ya makopo huwa unalipia maji na bati pia. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha mara moja kwa wingi, kisha gawanya kwenye vyombo vyenye kiasi cha mlo mmoja wa watu wawili na uweke kwenye friza. Umechoma gesi au umeme mara moja kwa milo mitano au sita. Angalizo kwa maharage mekundu: yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Yachemke kwa nguvu, maji yakitokota hasa, kwa nusu saa hivi kabla ya kupunguza moto, kisha yaendelee hadi yalainike. Usiyapike kuanzia mabichi kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo. Joto lake huenda lisitoshe kuondoa sumu hiyo.

Nyama nayo ina ujanja wake. Siku inapoingia ndani ndiyo siku ya kuikata na kuigawa, kabla hata hujavua viatu, kama anavyosema mama watoto. Kila mfuko ubebe mlo mmoja wa wawili. Ubapaze uwe mwembamba, andika tarehe, kisha uingie kwenye friza. Mfuko mwembamba huganda upesi na kuyeyuka upesi. Uyeyushe ndani ya friji, usiuache mezani kutwa nzima. Kuku mzima kwa kawaida huwa nafuu kwa kilo kuliko vipande, na kwa watu wawili ni milo mitatu: mapaja siku moja, kidari siku nyingine, na mifupa pamoja na mabawa yanatoa supu. Nyama ya kusaga ichanganye nusu kwa nusu na dengu zilizochemshwa. Mchuzi unabaki mzito, ladha ipo, na mgeni hatauliza chochote.

Nije kwenye sufuria. Mezani mnaweza kuwa wawili, lakini kama sufuria ni ile ya watu saba, utaijaza, kwa sababu wali kidogo ndani ya sufuria kubwa huungua na kukauka. Tafuteni sufuria ndogo yenye mfuniko unaokaza. Halafu chagueni kikombe kimoja kiwe cha kupimia mchele, na kisitumike kwa chai. Gramu 75 za mchele mkavu kwa mtu zinawatosha wengi, basi 150 kwa wawili. Pima mara moja kwa mizani, weka alama kwenye kikombe, na mizani utairudisha kabatini. Mwenye njaa zaidi aongezewe mboga au maharage.

Kiporo kina heshima yake katika nyumba ya wawili, mradi kimekusudiwa. Pika mchuzi wa milo miwili kwa makusudi, na nusu ihifadhiwe kabla hamjaanza kula. Kikishapita mezani na kuchotwachotwa, hakuna anayekitamani kesho. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi: usiuache jikoni hadi usiku. Utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, uliwe kesho yake, upashwe moto mara moja tu hadi utoe mvuke. Kuna bakteria ambao mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali unaokaa katika uvuguvugu unawapa nafasi ya kuzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Michuzi na mboga zilizopikwa zitakaa siku tatu hadi nne.

Kuhusu utunzaji, naleta sheria ya stoo: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Mnaporudi na manunuzi, vipya viende nyuma, vya zamani vije mbele. Weka sanduku moja katikati ya friji kwa vitu vinavyotakiwa kuliwa kabla ya vingine. Mwenye kutafuta cha kupika aanzie humo. Friji liwe nyuzi 4 au chini yake, friza 18 chini ya sifuri. Maziwa yasikae mlangoni, maana huko ndiko kwenye joto zaidi. Viazi na vitunguu viachane, vyote mahali pakavu penye giza na hewa. Ndizi na matofaa yanayoiva hutoa gesi inayoharakisha kuiva na kuharibika kwa mboga zilizo karibu nayo, basi yatengeni. Mkate msiweke kwenye friji, huko hukauka na kuwa mgumu upesi kuliko ukiwa kabatini. Ukatwe vipande uingie kwenye friza, mchomoe mnavyohitaji.

Tarehe za kwenye pakiti zisomwe vizuri. Ipo inayohusu usalama, kama kwenye nyama na samaki wabichi, na hiyo iheshimuni. Ipo inayohusu ubora tu, kama kwenye tambi, mchele au biskuti. Siku iliyofuata baada ya hiyo haigeuzi chakula kuwa sumu.

Dukani nendeni mara moja kwa wiki, mkiwa mmekula. Zile safari za "nachukua chumvi tu" ndizo zinazorudi na mfuko umejaa. Kikikosekana kitu katikati ya wiki, badilisheni pishi. Na mkubaliane kitu kimoja kwa kila mtu ambacho bajeti haikigusi. Kwangu ni kahawa, kwa mwenzangu ni matunda. Ukimnyima mtu kile kimoja anachokipenda, atakinunua njiani kwa bei ya juu na risiti hutaiona.

Tukifika kwenye risiti: sabuni, dawa ya meno na karatasi za chooni zitoeni kwenye hesabu ya chakula, la sivyo hamtajua kilichopanda ni nini. Jumlisheni chakula cha wiki nne, gaweni kwa nne. Kiasi hicho kipunguzeni kwa sehemu moja ya kumi, wekeni kwenye bahasha au akaunti ya pembeni kila mwanzo wa wiki, na mkae nacho mwezi mzima. Mwezi ukiisha bila kubanwa, punguzeni tena kidogo. Mkianza kula mkate mtupu siku mbili kabla ya wiki kwisha, rudisheni nusu ya mlichopunguza na muishie hapo.