Kabla mbwa wako hajazaa: maandalizi kwa mfugaji wa Dodoma

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba watoto wa mbwa wanakufa kwa baridi Dodoma, atakucheka. Dodoma anayoijua yeye ni ya Novemba: jua, vumbi na maji ya mgawo. Hajalala Miyuji wala Ihumwa usiku wa Julai, upepo unavuma tangu jioni hadi alfajiri na joto linashuka chini ya nyuzi 15. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa jana hajui hata kutetemeka ili mwili upate moto. Kwa wiki mbili za mwanzo joto lake analipata kwa mama yake, kwa ndugu zake waliomlalia, na mahali ulipomwandalia wewe. Wiki ya kwanza anahitaji hewa ya kati ya nyuzi 29 na 32 pale alipolala. Kwa hiyo kama katika yote nitakayoyataja una uwezo wa jambo moja tu, fanya la joto.

Anza na kalenda. Andika tarehe aliyopandwa, kisha hesabu siku 63. Anaweza kutangulia au kuchelewa siku chache. Najua mbwa wengi wa mitaani kwetu hupandwa nje ya geti na mwenye mbwa anashtukia tumbo. Basi mpeleke kwa daktari wa mifugo akukadirie umri wa mimba, na hapohapo muulize kuhusu dawa ya minyoo, kupe na viroboto. Usijichanganyie mwenyewe dawa ya kuogeshea ng'ombe ukampaka mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha, maana watoto watailamba kwenye chuchu.

Siku za mwisho, mpime joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, ukikipaka mafuta ya mgando na kukiingiza taratibu kwenye haja kubwa. (Kipimajoto hicho ni cha mbwa tangu siku hiyo, kisirudi kabatini.) Kawaida joto lake ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likiporomoka hadi karibu na 37 au chini yake, uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24, na hiyo si siku ya kusafiri kwenda Kondoa.

Mahali pa kuzalia paandaliwe wiki mbili kabla, mbwa apazoee na alale hapo. Usipompa mahali atajitafutia mwenyewe, atachimba shimo chini ya ua wa minyaa, na utawagundua watoto kwa sauti. Chagua kona yenye ukuta upande upepo unakotokea, mbali na geti na mbali na banda la kuku, kwa sababu ya utitiri na viroboto. Boksi liwe pana kiasi cha mama kujinyoosha kabisa, na mbele liwe na kizingiti anachoruka yeye lakini si watoto. Ndani, pigilia mti kuzunguka kuta, kama sentimita 10 kutoka chini. Mtoto akinasa kati ya mgongo wa mama na ukuta, mti huo unamwachia upenyo wa kutokea badala ya kubanwa hadi afe.

Sakafu ya saruji inanyonya joto, hivyo tanguliza mbao au paleti, kisha gunia zito, kisha vitambaa safi visivyo na matundu wala nyuzi za kunasa miguu. Maranda waachie vifaranga. Vumbi lake linaingia puani na kuganda kwenye mtoto aliye mbichi.

Kwa kupasha joto, chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye khanga kuukuu zinatosha. Ziweke upande mmoja tu wa boksi ili anayezidiwa na joto apate pa kukimbilia. Taa ya vifaranga inafaa pia. Itundike juu, uweke mkono wako pale watoto wanapolala kwa dakika kadhaa, na ukiona mkono unaungua, ipandishe. Umeme ukikatika unarudi kwenye chupa, kwa hiyo thermosi ya maji ya moto iwepo kila usiku. Jiko la mkaa, ambalo wengi hulitumia kwa vifaranga, usiliingize kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua mbwa na inamuua pia aliyekaa kuwalinda.

Utajuaje kama joto linatosha? Watazame walivyolala. Waliolundikana wakilia wana baridi. Waliotawanyika kila mmoja kona yake, wakihema, wamezidiwa na joto. Walio sawa hulala wamegusana, wanashtukashtuka usingizini na kuguna kidogo. Ukimtilia shaka mmoja, nawa mikono, mwingizie ncha ya kidole kidogo mdomoni. Mzima ana mdomo wa vuguvugu na atakivuta kidole hicho kwa nguvu inayokushangaza kwa kiumbe cha ukubwa huo. Ukikuta ulimi wa baridi na hakuna anayevuta, mtoto yuko hatarini, na hapa ndipo huruma inapoua: mtu anakimbilia maziwa. Mtoto aliyepoa tumbo lake limesimama, maziwa yatabaki bila kusagwa au yataingia mapafuni. Mtie kifuani ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, umpashe polepole hata kama itachukua saa nzima, na akichangamka ndipo umrudishe kwenye chuchu.

Vifaa vingine havina gharama kubwa: taulo ndogo kadhaa, uzi imara uliochemshwa, mkasi, dawa ya iodini, glovu, mizani ya jikoni, daftari. Mama akishindwa kupasua utando wa usoni, upasue wewe mara moja, futa pua na mdomo, sugua mgongo kwa taulo hadi mtoto alie. Kitovu kikitoka damu, kifunge kama sentimita mbili au tatu kutoka tumboni kisha kipake iodini. Hesabu makondo pia, kila mtoto na lake, ingawa mama huyala haraka na unaweza kupitwa.

Namba mbili ziwe kwenye simu yako kabla ya siku hiyo: ya daktari wa mifugo anayepokea simu usiku, na ya dereva wa bajaji atakayekubali kumpakia mbwa. Muulize dereva mapema. Wengine hawakubali, na saa nane usiku si wakati wa kubembelezana. Piga kwa daktari kama mbwa anasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, kama saa mbili zimepita tangu mtoto aliyetangulia na unajua tumboni bado wamo, au kama ute wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza. Baada ya mtoto wa kwanza, ukijani huo ni wa kawaida.

Wote wanyonye ndani ya saa chache. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndiyo inayobeba kinga ya mama, na baada ya saa 24 hivi utumbo wa mtoto hauwezi tena kuipokea. Wapime uzito kila siku saa ileile, ukiwatofautisha kwa tone la rangi ya kucha. Kufika siku ya 7 hadi 10 uzito unapaswa kuwa umeongezeka mara mbili. Asiyeongezeka kwa siku nzima mweke kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi zina maziwa mengi, na umlinde asisukumwe.

Chakula cha mama kinapanda hadi mara mbili au tatu ya kawaida, kileleni kwenye wiki ya tatu na ya nne. Ugali wa uwele au mtama peke yake hautoshi. Weka akiba ya dagaa waliooshwa mchanga, utumbo uliochemshwa vizuri, mayai. Mifupa iliyopikwa na vitunguu visiingie kwenye sufuria yake. Maji yawepo muda wote, na kwa mitaa yetu hiyo maana yake ni ndoo yake mwenyewe iliyojazwa siku ya mgawo.

Madini ya kalsiamu usimpe kwa kubahatisha wakati wa mimba. Yanaufanya mwili uzembee kutoa kalsiamu ya mifupani, na homa ya maziwa, yaani kuishiwa kalsiamu mwilini, inaweza kumkuta akinyonyesha. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua. Kwa mbwa hupenda kuja wiki ya pili hadi ya nne: anahangaika, anahema, misuli inatetemeka, anatembea kama miguu imekauka. Watoe watoto na uende kwa daktari saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo titi likiwa gumu na la moto, au uchafu wa uzazi ukianza kunuka.

Watoto wapewe dawa ya minyoo wakifika wiki mbili, na irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kwa kuwa minyoo huwafikia tangu tumboni na kwenye maziwa. Mama anywe pamoja nao.

Mwisho, orodha ya wanaowataka. Majirani huanza kuja na maboksi mtoto akiwa na mwezi mmoja, wakisema kadiri anavyoondoka mdogo ndivyo anavyomzoea bwana wake. Wakatalie hadi wiki ya nane, na anayechukua umwandikie kwenye karatasi tarehe za minyoo, za chanjo zinazoanza wiki ya sita hadi ya nane, na ile ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu.