Kingamwili Tele, na Bado Mbwa Anatoka Damu Puani

Mbwa aliyekuwa akibweka usiku kucha amesusa chakula, amejilaza kando ya geti. Mwinue mdomo. Ukiona ufizi umepauka na una vidoa vyekundu kama umedungwa sindano, au damu inamchuruzika puani, usingoje Jumatatu. Hapa Nairobi, iwe Ruai au Karen, mimi hushuku kwanza erlikia, bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia wa mbwa.

Bakteria huyu ni mjanja. Hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizotumwa kummeza. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, kwa wingi, lakini nyingi haziwezi kumfikia huko ndani. Baadhi hata hugeukia chembe za kugandisha damu za mbwa mwenyewe na kuziharibu, ndipo damu inapotoka. Kinachosaidia hasa ni chembe za kinga zenye uwezo wa kushambulia chembe iliyoambukizwa. German Shepherd, ambao sisi wa jiji hili tunawapenda sana getini, ni dhaifu upande huo na huugua vibaya zaidi.

Baada ya wiki 2 hadi 4 homa inaweza kushuka yenyewe. Usishangilie. Bakteria anaweza kukaa kwenye bandama miezi, hata miaka, hadi uboho ushindwe kutengeneza damu, na hapo kumwokoa ni kazi ngumu.

Dawa ni doksisaiklini, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito, kwa kawaida siku 28. Wengi huacha siku ya 5 mbwa akianza kula (pesa nazo zimeisha, naelewa). Mpe pamoja na chakula asitapike. Aspirini na diklofenaki za nyumbani usimpe kabisa. Akimaliza dozi, kipimo cha kingamwili chaweza kuonyesha ugonjwa kwa miezi mingi hata akiwa amepona, kwa hiyo omba ahesabiwe chembe za damu.

Chanjo hakuna, na kupe huambukiza ndani ya saa chache tu, basi kagua masikio na katikati ya vidole kila jioni. Halafu kagua kibanda. Kupe jike aliyeshiba hudondoka, akapanda ukutani na kutaga mayai maelfu ndani ya nyufa. Ziba nyufa kwa simiti, choma magunia ya kulalia, nyunyiza dawa ya kupe na urudie kama kibandiko kinavyoelekeza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie mbwa kwa kukisia. Kibanda cha mabati kilichogongomewa mbao kuukuu huwa na mianya isiyozibika. Hicho mimi ningekibomoa.