Usukani wa stendraivu una plei? Anza kutafuta tezini kabla hujanunua kebo

Unazungusha usukani kidogo, mguu wa nyuma wenye propela haujatikisika. Unaongeza, ndipo mguu unashtuka na kugeuka. Ukiwa majini utaisikia plei hiyo, yaani ulegevu huo, kwa namna nyingine: boti inaelemea kushoto, unairudisha, inapitiliza kulia, unairudisha tena, na safari nzima mikono haipumziki.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua kebo. Mimi pia ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Nikabadilisha kebo nzima, jasho likanitoka kuipitisha ubavuni, nikashusha boti majini, na ikaenda mrama vilevile. Ugonjwa ulikuwa kwenye ringi inayoubeba mguu huko nyuma. Tangu siku ile sigusi kitu mbele kabla sijakagua tezini, yaani nyuma ya boti.

Mwendo unapita wapi

Boti ya stendraivu injini yake iko ndani, mguu wenye propela uko nje tezini, na mguu huo wote ndio unaogeuka. Kutoka mkononi mwako mwendo unapita kwenye boksi ya gia nyuma ya dashibodi, kisha kebo, kisha silinda ya pawa (inayosaidia kusukuma kwa haidroliki) kama ipo, kisha mkono wa usukani ulio ndani kabisa nyuma ya injini. Mkono huo umefungwa juu ya shafti fupi iliyosimama wima. Shafti inashuka kupitia nyumba ya gimbali (kipande kilichofungwa tezini) na kuishika ringi ya gimbali, nayo ringi ndiyo inayoubeba mguu. Mpangilio huu ni wa stendraivu za MerCruiser na zinazofanana nazo. Volvo Penta za zamani zina uma na kofia juu ya mguu, lakini namna ya kutafuta haibadiliki.

Kila kiungo hapo kina haki ya kuchakaa. Unachokisikia mkononi ni jumla ya vyote, ndiyo maana mkono peke yake hauwezi kukwambia mwizi ni nani.

Hatua ya 1: andaa boti

Boti iwe nchi kavu, trela limewekewa vigingi, ufunguo umo mfukoni mwako, mguu umeshushwa na umenyooka. Tafuta mtu wa pili mwenye subira na tochi nzuri.

Hatua ya 2: tikisa mguu

Hii ndiyo hatua yenyewe, usiifanye kwa haraka. Shika pezi la chini ya propela kwa mikono miwili, sukuma kushoto, vuta kulia, taratibu lakini kwa nguvu. Mwenzako awe ndani, tochi imeelekezwa kwenye mkono wa usukani. Kuna majibu matatu.

Mguu na ringi vinacheza pamoja, ila mkono wa ndani umetulia: tatizo ni pale ringi inaposhikana na shafti, au mkono umelegea juu ya shafti.

Ringi imetulia, mguu unacheza ndani yake: bushi za pini za bawaba zimekwisha, zile zinazouwezesha mguu kupanda na kushuka.

Mguu, ringi na mkono vyote vinakwenda pamoja: nyuma kuko salama, songa mbele.

Jicho hudanganya kwenye mwendo mdogo. Weka kidole juu ya kiungo, nusu ya kidole upande huu na nusu upande ule, mwenzako atikise. Kidole kitasikia hata kile ambacho tochi haikioni.

Na usidharau mwendo mdogo hapo juu. Tuseme shafti ina nusu kipenyo cha milimita 15 na ncha ya mguu iko milimita 450 kutoka kwenye shafti. Hiyo ni mara 30. Uwazi wa nusu milimita kwenye shafti unakuwa milimita 15 huko nyuma.

Ukiwa hapo, angalia kama kuna michirizi ya maji au kutu chini ya mkono wa usukani. Sili ya shafti ikifa, maji huteremkia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na shafti inayokaa kwenye maji ya chumvi huchakaa upesi.

Hatua ya 3: rudi mbele

Sasa mwenzako aguse usukani, kulia kidogo, kushoto kidogo. Wewe fuata mwendo kiungo kwa kiungo: pini inayounga kebo na mkono, nati kubwa ya kebo kwenye bomba lake, silinda ya pawa, mwisho boksi ya gia. Pale mwendo unapoingia na usitoke ndipo pa kufungua.

Hatua ya 4: kurekebisha

Pini na bushi ndogo za kwenye kebo ni kazi rahisi: badilisha, paka grisi, weka kota pini mpya. Nati za kujifunga usizirudie, zikishafunguliwa hazina uaminifu tena. Kebo yenyewe hairekebishwi. Ikiwa imelegea ndani, ni mpya ya urefu uleule.

Ringi ndiyo yenye kazi. Kwanza angalia bolti zinazoibana kwenye shafti. Zikiwa zimelegea tu, zikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha mguu wako, kisha rudia hatua ya 2. Ikiwa plei imeondoka, endesha saa chache halafu kagua tena. Ikirudi, tundu la ringi limeshatanuka, na kuendelea kukaza ni kuivunja. Hapo ni ringi mpya na shafti mpya, pamoja na bushi na sili zake. Usiweke shafti mpya kwenye ringi iliyochakaa, utalipia kazi mara mbili.

Kazi hiyo inataka mguu utolewe. Kwenye mguu wa aina ya MerCruiser Alpha weka gia ya mbele kabla ya kuuvuta, kwenye Bravo weka nyutro. Boti nyingine mkono wa usukani haufikiki mpaka injini isogezwe, hivyo pima nafasi mapema, usije ukakwama katikati. Mguu ukiwa nje, kagua beringi ya gimbali na mipira ya makunjo (inayozuia maji kuingia), na kabla ya kuurudisha hakikisha injini imepangwa sawa kwa nondo yake ya kupangia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Yangu ina pawa. Injini ikiwa imezimwa usukani unacheza kidogo kabla haujagoma. Ndiyo plei hiyo?*

Marahaba. Si lazima. Kebo kwenye mfumo wa pawa husukuma valvu kwanza, na valvu ina mwendo wake mdogo. Washa injini ukiwa umeunganisha maji ya kuipoza na hakuna mtu karibu na propela, kisha jaribu tena. Mguu ukiitika mara moja, uko sawa. Lakini kipimo cha kutikisa mguu ukifanye injini ikiwa imezimwa.

*Kuna fundi ameniambia atachomelea ringi kwenye shafti, plei iishe moja kwa moja. Mnasemaje?*

Itaisha, naam, mpaka siku weldi itakapopasuka ukiwa kwenye mwendo. Na siku sili ikivuja utatoaje shafti? Mwambie asante.

*Plei sina, nimekagua hatua zote. Lakini nikienda polepole boti inatangatanga kama imelewa.*

Hiyo ni tabia ya boti zenye tumbo la V. Kwenye mwendo mdogo hakuna jembe la usukani la kuishika. Shusha mguu kabisa, na usikimbizane na kila mkengeuko. Gusa usukani kidogo halafu subiri.

*Yangu inavuta kulia tu ikiwa kwenye mwendo kasi.*

Hiyo si plei. Angalia kipezi kidogo kilicho juu ya propela. Kama usukani ni mwepesi kwenda kulia, sogeza ncha yake ya nyuma kulia kidogo, kaza, jaribu. Kidogo kidogo, na ujaribu kwenye mwendo uleule.

*Nimepiga grisi kwenye nipeli ya kebo (tundu la kuingizia grisi), sasa usukani hausogei kabisa! Nimeharibu?*

Ulipiga fimbo ya kebo ikiwa imetoka nje, sivyo? Grisi imejaa mbele ya fimbo ya kebo na haina pa kwenda. Grisi hupigwa fimbo ikiwa imerudi ndani yote. Usilazimishe usukani, utavunja boksi. Ichomoe kebo kwenye bomba, safisha grisi iliyozidi, kisha anza upya.

*Mimi natumia haidroliki tupu, hakuna kebo. Usukani laini kama sponji.*

Hewa imeingia. Jaza mafuta, toa hewa, halafu tafuta ilikoingilia, maana haikuingia bure. Pitisha kitambaa cheupe kwenye kila kiungo cha mpira na kwenye sili za silinda. Kitakapotoka na mafuta, ndipo hapo.