Kukimbia Skyline Trail ya Blue Hills majani yakishapukutika

Binamu yangu amehamia Boston juzi. Amekulia Eldoret, ana pumzi kunishinda, lakini Jumamosi nilipompeleka Blue Hills, vilima vyenye msitu kusini mwa mji huo, tukimbie njia ya miguu iitwayo Skyline Trail, alikwama kwenye mteremko wa kwanza wa mawe. Haya ndiyo niliyomweleza.

1. Viatu. Raba za lami ziache nyumbani. Vaa zenye meno, soli ya mpira laini, maana soli ngumu huteleza kwenye granite iliyolowa. Zile nene kama godoro sizikubali kabisa: mguu lazima ulisikie jiwe.

2. Anza asubuhi. Huku Marekani saa zikisharudishwa nyuma kwa saa moja mwanzoni mwa Novemba, jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Taa ya kichwani ibebe hata hivyo.

3. Shika njia. Hapa nilipoteza saa mbili nzima mwaka wangu wa kwanza. Skyline ina alama za mstatili wa buluu kwenye miti na miamba. Kiangazi hata usipozitazama unaona udongo uliokanyagwa. Mialoni ikimwaga majani, ardhi yote inakuwa ya kahawia, na kila uwazi kati ya miti unafanana na njia. Mimi nilifuata uwazi.

Kwa hiyo: usiiache alama kabla hujaiona inayofuata. Ukienda hatua mia bila kuona kitu, rudi ulikotoka mpaka alama ya mwisho. Usikate kona kwenda kuitafuta. Kabla ya kurudi, geuka utazame nyuma, kwani alama ya wanaotoka upande wa pili huenda iko mgongoni mwako. Alama mbili, moja juu ya nyingine, maana yake ni kona. Kwenye mwamba mtupu rangi iko chini, nayo majani huifunika. Yafagie kwa mguu. Njia panda zina vibao vya namba ya tarakimu nne, na namba hizo zimo kwenye ramani. Ninayosema ni ramani ya karatasi. Simu ni akiba tu, baridi humaliza betri.

4. Kupanda na kushuka. Kilima cha Great Blue Hill kina mita 194 tu, lakini panda ukitembea. Kileleni, penye kituo cha hali ya hewa cha tangu 1885, vaa koti upepo usikupige na jasho. Ukishuka, hatua fupi, magoti yalegee. Majani yaliyojaa kati ya mawe mawili yanaficha shimo. Kanyaga jiwe kavu unaloliona.

5. Kupe. Wakubwa wanaouma watu huwa wengi Oktoba na Novemba, na hueneza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa na nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu na ngozi umvute moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Nguo zikaushe kwa mashine, moto mkali, dakika kumi, kabla hujazifua.