Kubadili ubao wa tezi uliooza kwenye boti ya faiba

Boti ya faiba ikipandishwa pwani Nungwi au Mkokotoni huku tezi (ukuta wa nyuma unaobeba mashine) inacheza, mara nyingi faiba yenyewe ni nzima. Kilichooza ni plaiwudi ya katikati, na maji yameingilia kwenye tundu la nguruzi (kizibo cha kutolea maji) au la bolti za mashine. Gonga kwa mpini wa bisibisi: palipooza mlio unafifia. Kisha inua mguu wa mashine na uukandamize. Tezi ikitikisika, ifungue.

Kazi hii ni ya kiangazi, Januari au Februari. Masika faiba haikauki.

Kwa tezi ya mita 1.5 kwa sentimita 60 utahitaji shiti moja ya plaiwudi ya majini ya milimita 18 (inatoa vipande viwili), resini kilo 12, mkeka wa gramu 450, faiba ya kufuma ya gramu 600, unga wa silika na asetoni. Ile plaiwudi nyeusi ya kufungia zege usiinunue, hata muuzaji akiiita marini bodi. Ngozi yake haishiki resini.

Hatua ya 1. Shusha mashine, chukua kigezo cha tezi. Mguu mfupi unataka kimo cha inchi 15, mrefu inchi 20.

Hatua ya 2. Funga papi nje ili ngozi ya nje ya faiba isipinde, kisha kata kwa ndani. Kukata kwa nje kunaharibu rangi na umbo bila faida.

Hatua ya 3. Toa mbao yote kwa patasi, hata inayoonekana nzima. Osha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi, acha ikauke kabisa, kisha piga grainda hadi sentimita 15 kwenye mbavu na sakafu.

Hatua ya 4. Kubandika. Hapa ndipo tezi nyingi mpya zinapoharibikia, kwa sababu uwazi wowote kati ya ubao na ngozi utajaa maji. Anza saa kumi alasiri, joto likishuka. Ubao unaopata joto hutoa hewa, na hewa hiyo hufanya mapovu chini ya resini. Paka ubao resini tupu pande zote na kingo, ngoja inate. Lowesha mkeka mmoja kwenye ngozi, pakaa uji, yaani resini iliyokazwa kwa silika, ukianzia katikati, ndipo ukandamize ubao wa kwanza mpaka uji utoke kingo zote. Usipotoka mahali, toa ubao uongeze. Baina ya mbao mbili weka mkeka mwingine. Kaza bolti kiasi tu. Ukizidisha, unafukuza resini yote na ngozi inabonyea.

Hadna (dawa ya kugandisha resini) ni mililita 10 kwa kilo ya resini. Usipunguze, haitakauka hadi ndani. Ikikuwahi kuganda, changanya nusu kilo nusu kilo. Kama resini inataka kobalti (dawa ya kuharakisha), ikoroge kwanza ipotee, ndipo utie hadna. Kobalti na hadna zikikutana zenyewe hulipuka.

Hatua ya 5. Jaza pembe kwa uji, ziwe mviringo. Mkeka, kufuma, mkeka, kufuma, mkeka, zote zipande mbavuni.

Hatua ya 6. Bolti ya milimita 12 itobolee tundu la 20, lijaze uji wa resini, likikauka toboa tena 12. La nguruzi vilevile. Ziba kwa Sikaflex 291, silikoni ya madirisha iache dukani.