Namna ya Kumkumbuka Baharia Aliyefia Vitani Bila Kaburi

Familia ya Tanga inayotaka kumsomea hitima mzee wake aliyefia baharini wakati wa vita haina budi kuanza na jina, na hapo ndipo penye taabu kubwa. Waandikishaji wa kikoloni waliandika walivyosikia, hivyo Hamisi bin Saidi wa Ngamiani huenda akaonekana daftarini kama Khamis Said, au jina moja tupu likifuatwa na namba ya utumishi. Orodhesheni kila namna ya kuliandika, pamoja na jina la baba na kijiji, kisha itafuteni namba hiyo katika barua za zamani zilizomo sandukuni, au ukingoni mwa medali kama ni ya Vita vya Kwanza.

Baadaye ulizeni alikuwa nani melini. Wazee hutamka “manowari” kwa wepesi, hata kwa askari wa nchi kavu aliyekuwa akisafirishwa tu. Meli ya abiria Khedive Ismail, kwa mfano, iliyotoka Mombasa na askari ikazamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944, ilichukua mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na kumbukumbu yao iko Nairobi. Wanamaji wa Uingereza wasio na kaburi, kwa sehemu kubwa, wameandikwa kwenye minara ya Chatham, Plymouth na Portsmouth. Daftari la Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutafutwa bure kwa intaneti. Kwa Vita vya Pili linahesabu vifo hadi 31 Desemba 1947, kwa hiyo msimwache aliyefariki kwa majeraha baada ya amani.

Siku ya hitima, gawaneni juzuu 30 mapema ili msomaji asielemewe. Kuhusu sala ya ghaibu, yaani kumsalia maiti asiyekuwepo, wengi wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii na kwao inajuzu, ila masharti yake aeleze imamu. Mkifuata tarehe ya Kiislamu, kumbukeni kwamba kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11. Wanaopenda kushuka Raskazone na maua wayavue karatasi za plastiki kwanza, maana bahari ile wavuvi wetu wanaitegemea. Jina, meli na tarehe visomwe kwa sauti kabla ya dua, kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye daftari la ukoo.